Mombasa hadi Nairobi ndani ya chumba kimoja: kisa cha Mzee na Garratt yake

Watu huniuliza mtu aanzie wapi akitaka kujenga reli ya modeli nyumbani, na nikijibu kwa jumla jumla naona hakuna kinachoshika, kwa hivo wacha nieleze kisa kimoja kizima, cha mzee wa Changamwe niliyemsaidia kupanga yake, manake ndani ya kisa hiki kuna karibu kila tatizo ambalo mtu wa kwetu atakutana nalo.

Mzee ni mstaafu wa reli. Aliingia kazini kama fayamani, yule wa kuangalia moto wa boila, siku za mwisho mwisho za treni za stima, yaani za mvuke, wakati ile East African Railways (EAR) ilikuwa haijavunjika bado (ilivunjika 1977 pamoja na Jumuiya), akaja akamalizia kwenye dizeli. Watoto wameshahama, chumba kimoja kimebaki wazi, mita 3.6 kwa 2.4, mlango uko kwenye ule ukuta mfupi. Kijana wake alioko Ujerumani akamtumia katoni moja ya reli za mm 12, pointi kadhaa (vile vipande ambapo reli moja inagawanyika kuwa mbili), na seti ya brasi ya kuunganisha kichwa kidogo cha treni cha magurudumu sita. Na Mzee mwenyewe alikuwa ameshachora. Karatasi ya manila nzima, Kilindini, Changamwe, Mazeras na ule mzunguko wake ambapo reli inapita juu ya yenyewe, Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei, Makindu, Athi River, Nairobi, vyote viko hapo, na juu kabisa ameandika kwa herufi kubwa 5918.

5918 ni Mount Gelai, moja kati ya zile Garratt za clasi ya 59. Kama uko Nairobi unaweza kwenda kuiona leo hii, imesimama kwenye makumbusho ya reli karibu na stesheni. Zilijengwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, 1955 na 1956, zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, uzito tani 252, urefu karibu mita 32 kutoka ncha hadi ncha, na ziliwekwa kuvuta tani 1,200 kupandisha kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Hakuna kichwa cha stima cha mita geji kilichowahi kuwa na nguvu kuzidi hizo. Ujanja wake ni wa Mwingereza anaitwa Herbert William Garratt, aliomba hati ya uvumbuzi 1907: badala ya kuweka boila juu ya magurudumu, unaweka injini mbili, moja mbele moja nyuma, kila moja na magurudumu yake na silinda zake, alafu boila unaining'iniza katikati kama daraja, imeshikwa na pini mbili tu. Chini ya boila hakuna gurudumu lolote, kwa hivo unaweza kuifanya nene utakavyo, na uzito unatawanyika kwenye ekseli nyingi. Kwa modeli hii kitu ni muhimu sana, nitarudi hapo.

Sasa, Mzee alitaka kujua kitu kimoja tu, pointi zinawekwa wapi. Mimi nikamwambia hatujafika huko. Kwanza skeli, yaani modeli iwe ndogo mara ngapi kuliko kitu chenyewe.

Reli ya zamani, ile iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ni mita geji, mm 1000 kati ya reli na reli. Gawa 1000 kwa 87 unapata 11.5, ndo maana kwa skeli ya 1:87 watu hutumia reli za mm 12, ni karibu kabisa na jicho halioni tofauti. Wengi huku kwetu wananunua zile za mm 16.5 manake ndo zimejaa sokoni, alafu wanaweka juu yake bodi ya kichwa cha mita geji na wanashangaa mbona inaonekana imetanua miguu. Zidisha 16.5 kwa 87: ni mm 1435. Hiyo ni SGR, ile reli mpya. Reli nzuri, lakini si ya Mzee. Kijana wake alijua anachofanya alipotuma mm 12, na hilo lilituokolea maneno mengi. Tulifikiria pia reli za mm 9 na skeli ya 1:110 hivi, Garratt ingekuwa sm 29 badala ya sm 36.5 na chumba kingekuwa kama kimepanuka, ila kwa skeli hiyo ungelazimika kujenga kila kitu mwenyewe kuanzia behewa hadi taruma, na macho ya Mzee si ya kufanya kazi ndogo kiasi hicho kila jioni. Tukabaki 1:87.

Baada ya skeli ndo nikafanya kile ambacho nadhani kila mtu angefanya kabla ya kuchora mstari hata mmoja: nikapima treni. Si chumba, treni. Behewa la mizigo la bogi la mita 13 hivi kwa skeli hii ni sm 15 na kopla zake, zile ndoano za kuunganisha mabehewa. Garratt sm 36.5. Behewa la gadi weka sm 10. Mzee alitaka mabehewa ishirini, hiyo ni mita 3 za mabehewa, na kichwa, na gadi, jumla inakaribia mita 3 na nusu. Chumba ni mita 3.6. Yaani treni ikisimama inagusa ukuta huku na huku, na haijakata kona hata moja.

Haya, mabehewa kumi je? Kumi ni mita 1.5, na kichwa na gadi tufanye mita 2. Treni hiyo lazima iingie yote ndani ya lupu ya stesheni ili nyingine ipite, na lupu ina pointi mbili, moja kila mwisho, kila moja inakula sm 25 hivi mpaka reli mbili zitengane vya kutosha mabehewa yasigusane. Kwa hivo mita 2.5. Ukuta mrefu ni mita 3.6, ila kila mwisho kuna kona, na kona ina nusu kipenyo chake pamoja na nafasi ya pembeni. Tukiweka kona ya sm 65 na sm 10 za pembeni, zinakwenda sm 75 kila upande, zinabaki mita 2.1 zilizonyooka. Kumi hayaingii. Sita: sm 90, jumlisha kichwa na gadi ni sm 137, jumlisha pointi ni sm 187. Yanaingia, na kuna sm 23 za kupumua.

Nikamwonyesha. Akatazama ile hesabu muda mrefu.

"Mabehewa sita mwanangu? Hamsini na Tisa kwa mabehewa sita? Watu watanicheka."

Na hapo alikuwa na haki. Kichwa cha tani 252 na mabehewa sita ni aibu ukikitazama chote kwa mara moja. Lakini dawa yake si kurefusha treni, dawa ni kuhakikisha mtu hawezi kuitazama yote kwa mara moja. Weka godauni la mizigo mwisho mmoja wa stesheni, weka mibuyu na tangi la maji mwisho wa pili, kiti cha mtazamaji kiweke chini kidogo ili jicho liwe karibu sawa na reli, kichwa kitakuwa kimeshajificha nyuma ya godauni wakati gadi bado hajaonekana. Jicho linahesabu mabehewa likiona mwanzo na mwisho pamoja. Likikosa kimoja halihesabu.

Kwa nini kona ya sm 65 na si sm 45 ambayo ingetupa nafasi zaidi? Hapa wengi wanadhani tatizo ni Garratt kwa sababu ni ndefu. Si Garratt. Kumbuka ile pini mbili: kichwa kimekatika vipande vitatu, kila injini inajikunja kivyake, na yale magurudumu manane yanayoendesha kwenye kila injini yanachukua kama sm 5 na kidogo tu kutoka ekseli ya kwanza hadi ya nne. Kinachosumbua ni behewa la abiria. Behewa la mita 18 kwa skeli yetu ni sm 21 kipande kimoja kisichokunjika, na kwa uzoefu wangu kona ikiwa chini ya mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote, kopla zinavutana pembeni na siku moja utasukuma treni kinyumenyume itaruka. Mara tatu ya 21 ni 63. Tukaweka 65. Kwenye reli halisi kona ya mita 200, ambayo dereva anaiona ni kali, ukiipunguza inakuwa mita 2.3, kwa hivo hata hiyo 65 yetu ni kona ambayo hakuna injinia wa reli angeikubali, ila ndani ya nyumba ndo maisha.

Basi turudi kwenye manila. Umbali wa Mombasa hadi Nairobi kwa reli ni kama kilomita 530. Gawa kwa 87, ni kilomita 6. Kilomita sita za reli ndani ya chumba kimoja, na Mzee alikuwa ameweka stesheni tisa. Ukiweka stesheni tisa kwenye mzunguko wa mita 10, treni ikiwa Makindu gadi bado yuko Voi. Na Mazeras, ule mzunguko alioupenda kuliko vyote: ili reli ipite juu ya yenyewe inabidi ipande sm 7.5 hivi, kimo cha kichwa na unene wa ubao. Ukizunguka mara moja kwa nusu kipenyo cha sm 60 umetembea mita 3.77, kwa hivo mwinuko ni asilimia 2, mkali kuliko ile asilimia 1.5 ya njia kuu yenyewe, na kona inaongeza msuguano juu yake. Na umekula eneo la mita 1.3 kwa 1.3 la chumba cha mita 2.4, ukiongeza mlango huna pa kusimama.

Sikumwambia aifute Mazeras, manake mtu huwezi kumwambia afute kitu anachokipenda kwa sababu ya hesabu tu. Nilimwomba anipigie stori za kazini. Jioni nzima, kahawa na tende, stori moja baada ya nyingine. Na nikaanza kuona kitu. Mazeras aliitaja mara moja akapita. Stori zake zote zilikuwa za kusubiri. Wamefika stesheni, njia ni moja, stesheni masta anasema subiri mwenzako anashuka, wanaingia lupu, dereva anashuka kukagua bushi kwa mkono, yeye anabaki juu anachezea valvu (zile 59 zilikuwa zinachoma mafuta mazito, fayamani hapigi koleo, kazi yake ni kutazama moshi, geji ya maji na kufungua mafuta kwa kipimo), alafu kwa mbali wanasikia mluzi, taa inatokea, treni ya pili inapita kwa kishindo, mtu ananing'inia mlangoni kuchukua tokeni, ile ruhusa ya kuingia kwenye njia moja, kimya, alafu wao sasa ndo zamu yao. Na hizo stori nyingi zilitokea Voi.

Nikamwambia, "Mzee, wewe hutaki Mombasa mpaka Nairobi. Wewe unataka kupishana."

Akanyamaza. Alafu akasema, "Sasa Nairobi unaitoa?"

"Ipo, ila hatuioni. Treni inatoka Voi inapotelea upande huu inakwenda Nairobi, na nyingine inatokea upande ule imetoka Mombasa."

"Zote zinakwenda wapi sasa?"

"Zinakwenda nyuma ya ukuta wa picha, Mzee."

Na huo ndo ukawa mpango. Reli inazunguka kuta nne, karibu mita 10 duara zima, tambarare, hakuna mlima hata kidogo, wewe unakaa katikati. Ukuta mrefu mmoja ni Voi. Ukuta mrefu wa pili, nyuma ya ubao uliochorwa anga, ni Mombasa na Nairobi kwa pamoja. Voi ni chaguo zuri mno kwa chumba kidogo, na nashangaa watu wanaojenga modeli za Kenya wanakimbilia Nairobi yenye reli ishirini wakaiacha. Ina njia kuu, ina lupu, na ina lile tawi la kwenda Taveta ambalo Waingereza walilijenga wakati wa vita vya kwanza, likaja kuungana na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga hadi Moshi. Yaani kwenye stesheni moja una treni nzito ya njia kuu, una treni fupi ya tawi yenye kichwa kidogo, una mabehewa ya mizigo ya kushanti, yaani kuyahamisha kutoka treni moja kwenda nyingine, na pointi unazohitaji ni sita: mbili za lupu, moja ya tawi, moja ya godauni, mbili za saidingi, reli ya pembeni, ya tangi na mafuta. Sita tu, na Mzee anaweza kukaa hapo masaa matatu asimalize kazi.

Pale nyuma, mahali pa kuficha treni, kawaida watu huweka ngazi ya pointi, reli moja inagawanyika ikawa nne. Kwa mita 2.1 ngazi yenyewe ingemaliza nusu ya urefu, na pointi za mm 12 ni ghali, na ushuru bandarini unaujua. Tuliweka meza ya kuteleza. Ubao wa mita 1.5 kwa sm 30 wenye reli tano, umekaa juu ya reli za droo za kawaida, zile nzito za makabati ya jikoni, unazipata hadweya yoyote. Unaisukuma kwa mkono mpaka reli unayotaka inakutana na njia, komeo dogo la brasi linaingia kwenye tundu lake, na hilo komeo ndo linapeleka umeme, kwa hivo reli isiyolingana haina moto na treni haiwezi kuanguka. Pointi sifuri. Treni tano zimepangwa.

Kabla ya kukata ubao wowote tulitandika magazeti sakafuni, tukachora njia nzima kwa ukubwa wake halisi kwa kalamu ya maka, na Mzee akatengeneza Garratt ya katoni. Hili napenda kulisisitiza manake ni kazi ya dakika chache na inafichua mengi. Vipande vitatu vya katoni, tangi la mbele na injini yake, boila na kebini, bunka la mafuta la nyuma na injini yake, vimeshikwa na pini mbili za kichwa bapa, vyote kwa kipimo. Ukiisukuma kwenye kona unaona mwenyewe: boila inaingia ndani ya kona, pua ya tangi inatoka nje. Ilipofika mwanzo wa platifomu ya Voi ile pua ikapita juu ya mstari wa platifomu kwa mm 4. Kwa macho kwenye mchoro mdogo usingeliona kamwe. Platifomu ikasogezwa, ikaanza sm 12 mbele zaidi mahali reli imeshanyooka, na hakuna kilichoharibika ila gazeti.

Ubao sasa. Pwani adui ni unyevu na mchwa, na kwa reli ya modeli unyevu ni mbaya zaidi kuliko joto. Reli za nikeli silva zinatanuka kidogo sana, mita 10 kwa tofauti ya nyuzi 10 haifiki hata mm 2, lakini ubao usiopakwa unanyonya maji msimu wa mvua na kuyaachia kaskazi, unavimba na kusinyaa, na reli iliyobanwa kila mahali inapinda kama nyoka. Tulitumia plaiwudi ya marini mm 12, si MDF, MDF ya pwani baada ya mwaka ni uji. Ikapakwa vanishi pande zote na kwenye kingo, hasa kingo, kabla ya chochote kugundishwa juu yake. Miguu ya mbao imesimama ndani ya vikopo vidogo vyenye mafuta ya taa, ule ujanja wa zamani wa kabati la chakula, mchwa na siafu hawapandi. Na kwenye kila kiungo cha reli tumeacha mwanya wa unene wa kadi ya simu. Fundi seremala alitaka kupigilia misumari, nikakataa, skurubu tupu, manake reli ya modeli lazima ifunguke.

Mlangoni kuna daraja la kuinua lenye bawaba, kwa sababu magoti ya Mzee hayaruhusu kuinama kupita chini. Bawaba zimewekwa juu ya usawa wa reli, ukizipachika chini ubao ukiinuka reli zinasagana. Na swichi ndogo ya kengele ya mlango inakata umeme sm 40 kila upande daraja likiwa limeinuka.

Kichwa kilichojengwa kwanza kilikuwa kile kidogo cha seti ya brasi, na Mzee hakufurahi, alitaka tuanze na 59 moja kwa moja. Nilishikilia, kwa sababu Garratt ni vichwa viwili vinavyobeba boila moja, na kila kosa unalifanya mara mbili.

Seti za brasi zinakuja kama bati bapa lenye sehemu zote zimechorwa kwa asidi, unakata, unasugua kwa tupa, unakunja, unachomea lehemu. Watu wanaanza na kebini kwa sababu inapendeza. Anza na saidirodi, zile fito zinazounganisha magurudumu. Zikishachomewa na matundu yake kusafishwa, ndizo zinazoamua ekseli zikae wapi: unapachika fremu mbili, unaingiza ekseli za mfano zenye ncha nyembamba, unazivika saidirodi kwenye ncha, na bushi unazichomea zikiwa zimeshikwa hapo hapo. Hivyo umbali kati ya ekseli na umbali kati ya matundu ya saidirodi ni kitu kimoja, hauwezi kutofautiana. Ukitegemea matundu ya kiwandani, sehemu ya kumi ya milimita inatosha kufanya kichwa kichechemee. Alafu magurudumu: pini za upande wa kulia lazima ziwe mbele ya za kushoto kwa robo duara, na lazima ekseli zote tatu ziwe na robo ile ile. Robo yenyewe ikiwa nyuzi 88 haijalishi sana, ila zote ziwe 88.

Mzee aliiweka kwenye kioo cha meza bila mota, akaisukuma kwa kidole kimoja, akainamisha sikio. "Ya pili inashika," akasema. Mimi sikuona kitu. Tukaitoa saidirodi ya upande mmoja, tukazungusha, na kweli, tundu la ekseli ya katikati lilikuwa na ukuta wa lehemu ndani, unywele tu. Akalipanua kwa ile sindano yenye kingo tano, mizunguko michache, akarudisha, ikatembea kioo kizima kwa pumzi. Sikio la mtu aliyekaa juu ya stima halisi si la kununua dukani.

Lehemu za aina tatu zilitumika: ya kawaida ya mafundi redio inayoyeyuka kama nyuzi 183 kwa fremu, ya nyuzi 145 kwa vitu vidogo vya juu ili ukichomea cha pili cha kwanza kisidondoke, na ya nyuzi 70 kwa vipande vya metali laini kama bomba la moshi na kuba la boila, ambavyo ukivigusa na chuma cha moto kamili vinageuka tone. Flaksi, ile dawa ya kufanya lehemu ishike, ilikuwa ya asidi, na hapa pwani nasema kwa mkazo, osha kila jioni. Mswaki, sabuni, maji yenye magadi kidogo, kausha. Ukilala nayo, asubuhi brasi imekuwa kijani na tupa zako zimeota kutu droo nzima.

Mota ya volti 12, giaboksi, kipande cha karatasi nyembamba kati ya meno wakati wa kukaza skurubu ili kubaki na mwanya, na kichwa kikatembea Voi hadi Voi. Rangi ni marun ya EAR, na namba ameiweka ya kubuni kwa sababu kichwa chenyewe hakikuwahi kuwa cha EAR, jambo ambalo alilikubali kwa shingo upande.

Ardhi ilikuwa raha yake mwenyewe. Udongo mwekundu wa Voi halisi, uliletwa kwenye mfuko na jirani anayeendesha lori la Taveta. Ukauke kwenye sufuria, upite chekeche, alafu upite soksi ya nailoni, na alafu, msisahau hili, pitisha sumaku. Udongo ule una chembe za chuma, na sumaku ya mota inazivuta kupitia gia. Sumaku ilitoka imeota ndevu nyeusi. Juu ya ubao wa anga kuna mlima wa Sagala kwa rangi ya maji, ameuchora mjukuu wake wa kike, na ni mzuri kuliko wowote ambao ningenunua.

Sasa tuko kwenye 59 yenyewe. Mpango ni injini mbili, kila moja na mota yake ndogo ya aina moja, gia za uwiano mmoja, kila moja ikijaribiwa peke yake kwa umeme ule ule mpaka zinamaliza duara kwa muda unaolingana, ndipo zifungwe pamoja. Boila haina mota, itajazwa risasi ya kuvulia samaki ili uzito ushuke kwenye pini mbili sawasawa, na umeme utachukuliwa kutoka magurudumu ya injini zote mbili, waya laini ukipita chini ya boila na kulegea vya kutosha kona isiuvute. Fremu za injini ya mbele zimeshakatwa. Za nyuma zinasubiri bati la brasi, la mm 0.45, ambalo duka la kwanza lilisema wanalo na hawakuwa nalo. Na Mazeras bado hajaiacha, ameshapima ukumbi wa nje, anasema ukumbi una mita 5 na hakuna anayeutumia. Nimemwambia tuimalize Mount Gelai kwanza, tuone inavyokata kona ya Voi na mabehewa yake sita, alafu ukumbi tutauzungumzia na mama.